Siku Nilizomficha Daktari

Nakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali na kadi mkononi, moyo umeshatulia tangu asubuhi, na unajua kabisa kwamba ukiingia mle ndani watakupima na kukuambia huna kitu. Nimekaa kwenye mabenchi hayo karibu miaka miwili. Nayajua yale ya mbao yanayobana mapaja, na yale ya bati yenye matundu yanayoacha alama kwenye gauni. Sasa nina nafuu ya kutosha kusimulia, na nitasimulia hata yanayonitia aibu, maana aibu ndiyo iliyonichelewesha.

Mimi ni dereva. Naendesha Kosta ya shule, ya njano, inayochukua watoto Yombo na Buguruni na kuwapeleka Kipawa. Nilipoanza, wazazi walidhani mimi ni matroni wa gari mpaka waliponiona nakaa kwenye usukani. Wengine walisogea pembeni kunong'ona, nikawaacha wanong'one. Naipenda kazi yangu kuliko ninavyoweza kueleza, na katika hadithi hii yote kitu nilichokuwa naogopa kupoteza ni ule usukani.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeegesha getini, nangoja kengele ya kutoka. Ndege inashuka juu ya mapaa kama kawaida ya Kipawa, mimi natafuna karanga. Ghafla moyo ukaanza kukimbia. Sisemi kudunda kwa mtu aliyepanda ngazi. Nimekaa kitako, sijagombana na mtu, na moyo unakwenda kasi hata shingo inaruka, vidole vimekuwa vya baridi, kifua kimebana. Nikashika usukani wa gari lililozimwa. Ikapita kama robo saa, kisha ukatulia kwa mkupuo, kama mtu kazima swichi. Kengele ikalia, watoto wakapanda, nikawasha gari, nikawapeleka makwao. Sikumwambia mtu. Hilo nalijutia mpaka leo.

Nikakipa kitu kile jina: mbio. Mbio zikaja tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Kila mara nilijiambia ni chai kali, ni joto, ni usingizi mdogo. Kama unajiambia hivyo nawe, acha.

Zikanikuta Buguruni, asubuhi ya siku ya kazi, watoto ishirini na sita ndani, wanaimba. Namshukuru Mungu gari lilikuwa limesimama kwenye taa. Nilihisi macho yanaingia kiza kutoka pembeni, nikavuta breki ya mkono, nikazima injini, halafu sikumbuki. Nilipofumbua macho Dada Pili, matroni wetu, alikuwa ananimwagia maji ya chupa usoni huku magari ya nyuma yanapiga honi kama tuko harusini. Watoto walikuwa wamenyamaza kimya. Kimya kile ndicho kilichonitisha kuliko kuzimia kwenyewe.

Mwalimu mkuu hakunifokea. Alinyoosha kiganja, nikaweka funguo.

"Nenda katibiwe, mama," akasema. "Ukipona, tutaongea."

Basi nikaanza kazi ya pili, ya kuwa mgonjwa. Zahanati ya kwanza walinitibu malaria. Ya pili wakasema gesi tumboni. Ya tatu, kijana mmoja mpole aliniuliza kama nina matatizo ndani ya ndoa, nikamjibu kwamba sikuwa nayo mpaka nilipoanza kuugua. Hatimaye nikapelekwa kwa daktari wa moyo kwenye hospitali kubwa. Wakanibandika waya kifuani, karatasi ikatoka na vilima vilivyopangana vizuri. Salama. Wakanivisha kile kimashine kidogo cha kukaa nacho siku nzima. Salama. Wakanivisha tena baada ya miezi miwili, salama tena. Kila salama ilinirudisha nyumbani nikiwa mnyonge zaidi.

Mwili nao ulikuwa unabadilika. Viganja vilipauka. Damu yangu ya mwezi ilikuwa inatoka nyingi, na mimi nilizoea kuiona nyingi, sikuitilia maanani. Sketi zikawa zinazunguka kiunoni, nywele zinabaki kwenye kitana. Nikaanza kuogopa vitu vidogo: foleni ndefu, kuoga huku mlango umefungwa, kumbeba mtoto wa jirani. Nilikuwa na miaka thelathini na nane na natembea Yombo nikishika kuta.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe.

Mimi ni mtu wa pwani. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, na somo yangu, marehemu Bi Tatu, alinifundisha mengi ambayo mengine siyaandiki. Moja lilikuwa hili: siku za mwezi hazitajwi. Mume ataona shanga. Ukiingia, unatundika uzi wa shanga nyekundu mchagoni, upande wa kichwa wa kitanda. Ukimaliza, unatundika nyeupe. Yeye ataona, ataelewa, na hakuna atakayefungua kinywa. Na tarehe asiambiwe mtu yeyote, maana mwenye nia mbaya akiijua anaweza kukufunga kizazi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilishika somo lile kama nilivyoshika sala.

Kwa hiyo kila nilipofika kwenye meza ya daktari, naye akauliza, kalamu mkononi, hedhi yako ya mwisho ilianza lini, nilimjibu, "Tarehe tano." Kwa nini tano, sijui. Ndiyo iliyonijia siku ya kwanza. Daktari wa moyo alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, pazia la chumba halifungi, nje kuna wazee wa watu wamekaa. Tarehe tano. Mwezi ukiisha, tarehe tano. Kwenye faili langu hedhi ilikuwa inaingia kama mshahara. Safari moja akaniuliza kama mbio zinahusiana na siku zangu, nikasema hapana kabla hajamaliza swali. Kusema kweli hata mwenyewe sikuwa nimelifikiria. Siku ambazo hazitajwi, mtu hazihesabu pia.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Mume wangu, Baba Zai, ni seremala Keko, mtu wa maneno machache. Kila jioni akirudi, kabla hajavua viatu, ananiuliza, "Leo mbio zimekuja?" Nikisema ndiyo, anatikisa kichwa, anaingia chumbani. Nikisema hapana, anatikisa kichwa, anaingia chumbani. Lile swali lilianza kunikera. Nilitaka anishike mkono, yeye anauliza kama karani.

Kisha akaja mama yake kutoka Utete. Mama mkwe wangu ni mwanamke mwema, anapika samaki wa kupaka mpaka jirani anabisha hodi na sahani. Lakini alinitazama siku tatu, na ya nne akatoa hukumu.

"Mwanangu, huu si ugonjwa wa sindano," alisema. "Wewe una mtu. Anakupanda kila mwezi, anakushuka. Wazungu hawamwoni kwenye mashine zao. Twende kwetu ukapungwe pepo."

"Mama, mie naogopa ngoma. Moyo wenyewe huu."

"Huogopi wewe. Anaogopa yeye aliye ndani yako."

Kila ukikataa, ni jini ndiye anayekataa. Siku ikapangwa, mara baada ya mfungo wa Ramadhani. Nilimgeukia mume wangu, nikamwambia, "Hata wewe umeamini nina shetani?" Nililia, nikamwambia maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mumewe, na binti yetu mkubwa, Zai, wa miaka kumi na mbili, alikuwa anasikia nyuma ya mlango. Baba Zai alisimama tu, penseli yake sikioni, akaniuliza kliniki ni lini.

Nikamwambia ni Jumatatu.

"Ntakuja," akasema.

Hakuwahi kuingia na mimi chumba cha daktari. Jumatatu ile akaja na kitu kimefungwa kwenye gazeti, amekibana kwapani. Nikadhani ni kazi ya mteja atakayoipeleka baadaye. Tulingoja tangu saa mbili mpaka saa sita. Tukaitwa. Daktari akafungua faili, muuguzi akanifunga kipimo cha presha mkononi.

"Hedhi ya mwisho, mama?"

"Tarehe tano."

Baba Zai akakohoa.

"Samahani, dokta," akasema. "Siyo tarehe tano."

Nilimgeukia polepole. Miaka kumi na minne ya ndoa, hatujawahi kulitamka jambo lile hata tukiwa wawili. Naye akafungua gazeti, akatoa kipande cha ubao wa mninga, amekipiga msasa vizuri, akakiweka mezani juu ya faili langu. Kimejaa alama za penseli.

"Mie niliishia la saba, dokta, na nyumbani daftari halikai, wanangu wanachana. Nikaandika hapa. Huu mstari ni siku anayotundika shanga..." Hapo sauti ikashuka. "Shanga nyekundu. Na hizi eksi ni siku mbio zimemjia. Kila siku nikirudi kazini namuuliza. Angalia mwenyewe."

Daktari akaushika ubao kwa mikono miwili. "Shanga nyekundu ndiyo nini?"

"Mambo yetu ya pwani, dokta," muuguzi akasema, mama mmoja wa Kilwa, anajizuia kucheka. "Ndiyo hedhi hiyo. Mume anaona, haulizi."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini hata mimi, kichwa kimeinama, niliona. Karibu kila mstari ulikuwa na eksi kabla yake. Siku moja kabla, siku mbili, mara nyingine mbili pamoja. Katikati ya mistari, ubao ulikuwa mtupu. Mwaka mzima wa maisha yangu ulikuwa pale mezani, na mtu aliyeuandika ndiye niliyemwambia hanijali.

"Mama," daktari akasema, "hapa kwenye faili una tarehe tano mara saba."

"Nilikuwa nasema tu."

"Na mashine zote mbili tulikuvisha katikati ya mwezi wako. Tulikuwa tunavua samaki siku ambayo hawapo." Akafunga faili. Hakunigombeza, na huruma yake iliniuma kuliko kama angenigombeza. "Baba, mstari unaofuata unautegemea lini?"

Wakahesabu wawili hao, wanaume, siku zangu, kwenye kalenda ya ukutani. Mimi nikatazama dirishani.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa maabara, nilimwambia, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Bora nikuvue nguo kuliko nikuzike, Mama Zai," akasema, na sauti ikamkatika. Sikuwahi kumwona analia. Nikamshika mkono, tukakaa pale mpaka akanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwaka mzima yule mtu alikuwa anaogopa, na hakuwa na pa kuusemea woga wake zaidi ya kipande kile cha mbao.

Kimashine nilivishwa kumi la katikati la Ramadhani. Daktari alinikataza kufunga, nikawa nakunywa uji jikoni kwa kujificha. Kwa mara ya kwanza nilizingoja mbio kama mgeni niliyemwalika. Siku ya kwanza hazikuja. Siku ya pili, baada ya alasiri, nimekaa kwenye kibao cha mbuzi nakuna nazi ya futari, zikaja. Shingo ikaruka, vidole vikapoa, na mimi nikabonyeza kitufe walichonionyesha huku nacheka na machozi yananitoka.

"Zimekuja! Mama, zimekuja!"

Mama mkwe akatoka mbio chumbani na tasbihi mkononi, akaanza kunisomea. Nilimwacha asome. Tulikuwa tunamshukuru Mungu yule yule.

Daktari alinionyesha karatasi. Vilima vilikuwa vimekaribiana hata havikuwa vilima tena, msumeno. Akaniambia moyoni mwangu kuna kanjia ka ziada ka umeme, nimezaliwa nako, na kwamba homoni za siku zile kabla ya hedhi, pamoja na neva zinazouongoza moyo, hukachokoza. Upungufu wa damu nao ukaongeza. Alieleza zaidi ya hapo, nikapotea njiani. Nilichobeba ni kwamba kitu kile kina jina, kina dawa, na sikuwa nimejitungia.

Nikapewa vidonge vya kila siku vya kuutuliza moyo, na vya kuongeza damu vilivyonifunga choo mpaka nikakonda upya. Daktari wa wanawake akashughulikia ule wingi wa damu. Muuguzi wa Kilwa akanifundisha mbinu: mbio zikija, nilale chali, nipulize kwa nguvu kwenye bomba la sindano lisilo na sindano kana kwamba nataka kukisukuma kile kijiti cha ndani. Unajiona mjinga kabisa. Lakini nilipuliza mara ya kwanza, Zai ananishikia saa, na moyo ukatulia hapo hapo. Tulikumbatiana kama watu walioshinda kombe.

Mama mkwe aliyasikia yote haya kimya. Idi ikapita, siku ya ngoma ikafika, hakuitaja. Jioni moja tunachambua mchele uani, akaniuliza bila kuniangalia.

"Hizo mbio, zinakuja siku mbili kabla?"

"Mbili, au moja, mama."

Akachambua, akachambua. "Mie zilikuwa zikinijia ujanani. Nikiwa na mimba zinapotea, nikijifungua zinarudi. Nimepungwa mara tatu, mwanangu. Mara ya tatu walichinja beberu mweusi. Zilikuja kuniacha mwenyewe, nilipokoma kuingia mwezini." Akaweka ungo chini. "Miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyeniuliza tarehe."

Nilisogea, nikamlalia begani. Aliporudi Utete alibeba rozela kavu ya kuongeza damu niliyopewa na jirani, akasema na yeye ataanza kujitunza.

Masika ikanyesha, Yombo ikajaa tope, na mimi nikawa naivuka bila kushika kuta. Mbio zilinijia mara moja mwezi wa pili wa dawa, fupi, halafu basi. Rangi ikarudi viganjani. Kipupwe kikaja, ubao wa Baba Zai ukawa na mistari mitupu. Miezi minane ilipotimia bila eksi, daktari aliniandikia barua: naruhusiwa kuendesha, dawa ziendelee, na kwa tahadhari nisikae kwenye usukani siku tatu kabla ya hedhi wala siku ya kwanza yake.

Mwalimu mkuu aliisoma barua mara mbili. Kisha akavua miwani.

"Mie sina neno, mama. Ila wazazi walisikia ya Buguruni. Wakikubali wao, funguo hizi hapa. Jumamosi kuna kikao. Utasema mwenyewe."

Nilimwomba anisemee. Akakataa. Nilimwomba aseme ni "ugonjwa" tu. Akaniambia, "Wataniuliza kwa nini kila mwezi nabadilisha dereva siku nne. Niwajibu nini?"

Jumamosi darasa la saba lilijaa, akina baba mbele, akina mama nyuma na pembeni. Nilikuwa nimeshindwa kumwambia daktari mmoja nyuma ya pazia, na sasa nilikuwa mbele ya watu sitini, pangaboi linazunguka juu.

"Wazazi wangu, shikamooni. Mie ndiye niliyezimia na watoto wenu, na kabla ya hapo nilijisikia vibaya nikanyamaza. Naomba radhi kwa hilo. Nina ugonjwa wa moyo. Unatibika, na natibiwa. Huwa unanikamata siku chache kabla ya hedhi. Miezi minane haujanikamata. Siku hizo hata hivyo sitagusa gari."

Neno lilishatoka. Mtu akazima simu iliyoanza kuita.

"Jamani," baba mmoja mwenye kanzu akasema, "haya si mambo ya kuongelea kikaoni."

"Ulitaka ayaongelee wapi?" mama mmoja akamdaka kutoka nyuma. "Kwenye ajali?"

Kicheko kikapita, akina mama kwanza. Baba mwingine akanyoosha mkono, akauliza kitu cha maana: siku hizo nani ataendesha? Mwalimu mkuu akasema ni mwalimu wa michezo, ana leseni ya daraja hilo. Baba akasema basi, yeye karidhika. Mikono ikapanda. Sikuihesabu, niliona tu imekuwa mingi, na wa mwisho kuinua alikuwa yule wa kanzu, anatazama pembeni.

Jumatatu nilifika mapema, nikazunguka Kosta, nikapiga matairi teke, nikakaa. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kwa ajili ya miguu ya mwalimu wa michezo, nikakivuta mbele. Kituo cha kwanza, binti mmoja wa darasa la tatu akapanda na begi kubwa kuliko mgongo wake. Akasimama kwenye ngazi, akanikazia macho.

"Shikamoo, mama dereva."

"Marahaba."

"Mama kasema nikikukuta wewe, basi leo sio siku zako."

Dada Pili akajiziba mdomo kwa kanga. Baba wa yule mtoto, aliyekuwa bado kashika mlango, akawa anatafuta kitu chini ambacho hakikuwepo.

"Kasema kweli," nikamjibu. "Zangu bado wiki mbili. Kaa, ufunge mkanda."

Akakaa, akafunga. Nikatazama kioo, nikaondoa gari.